Nondo wa Dhahabu wa Uani Kwetu

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu (sichoki kuandika maneno haya mawili) amenionyesha kazi anayoipenda kuliko zote, baada ya mimi. Anaorodhesha nondo wa mtaa wetu. Jioni anatundika shuka jeupe uani na taa nyuma yake, wale vipepeo wa usiku wanakuja kutua. Alfajiri anawatambua, anawapiga picha, anaandika. Akiinama juu yao shingo yake inapendeza mno.

Tatizo ni wifi. Dada yake huyu anajua kila nondo kwa jina, na leo kampata mmoja mwenye doa kama jicho. Mume wangu alimsifu mpaka chai ikapoa. Mimi niliuliza kama wanauma. Wifi akasema bibi harusi atulie tu, kazi hii ina wenyewe.

Tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamka kabla ya wote. Shukani hakuna cha maana. Wale wa kahawia tu, kama vumbi lililoota miguu. Nikakumbuka poda ya dhahabu niliyopakwa machoni siku ya harusi. Brashi ndogo, mkono mwepesi, na mzembe mmoja aliyelala fofofo. Akatoka anang'aa kuliko bibi harusi!

Nikamwita mume wangu kwa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi bafuni. Akapiga magoti. Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, kisha akaniangalia mimi. Nilitaka kuyeyuka. Wifi akajifanya anakunja shuka. Raha juu ya raha. Nondo kawekwa kwenye chupa ya jamu, ukumbini.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Kesho anakuja mtaalamu wa wadudu kutoka makumbusho. Mume wangu ameniambia kwa upole kwamba siku zote watu wa makumbusho wamemwona mtu wa kubahatisha, na sasa orodha yake itaaminika.

Mtaalamu akigusa bawa tu, orodha nzima inatupwa, na aliyemwaibisha mume wangu ni mimi. Nimefungua chupa nimwachie nondo aende zake. Nimembembeleza. Nimempepea na gazeti. Hataki. Nimeacha kifuniko wazi, nimekwenda kupika huku naomba.

Jumamosi, 9 Machi
Mtaalamu kafika na miwani yake. Mume wangu akaweka chupa mezani. Tupu. Nikashusha pumzi ndefu, nikajitahidi ifanane na kilio.

Ndipo wifi akanyoosha kidole ukutani. Mjusi. Mdomo wote dhahabu.

"Wifi," akasema, "mjusi wenu anakwenda harusini?"

Mtaalamu akamtazama mjusi. Kisha akatazama kope zangu. Mgeni alikuwa anakuja, ningeachaje kujipaka?

Nilitamani sakafu ipasuke. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe chupa aliikuta tupu tangu jana, poda imebaki kifunikoni. Akainusa, akaijua, maana ndiyo aliyoibusu siku ya harusi. Akampigia mtaalamu simu akamweleza ukweli wote. Mtaalamu akasema atakuja hata hivyo, kumwona yule wa wifi mwenye jicho. Na amemwona. Ameisifu orodha ukurasa kwa ukurasa, na kuichukua.

Mwili mzima ulilegea, kama nimevua viatu vya kubana. Hata wifi nilimkumbatia. Akaniambia nisimpake poda.

Jumapili, 10 Machi
Mume wangu amenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Yupo mwingine kama huyu duniani? Nimemwapia kwamba poda yangu haitagusa nondo tena, na kiapo changu ni kiapo.

Asubuhi hii wifi kampata mweupe, mweupe kama maziwa. Chai imepoa tena.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa poda. Poda inatoka. Nimekwenda kwa baba mkwe, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamuuliza anaweka wapi rangi yake nyeusi ya viatu.