Ute wa Yai Kwenye Kopo la Mkojo

Jumatatu, 14 Julai 2025. Kibondo.
Majibu yametoka. Mwaka mzima nimewapelekea watafiti wa figo mkojo wangu, leo Sista Recho ananiambia niko salama. Protini hakuna. Zile alama nyingine wanazozisoma kwenye mkojo, kujua figo za nani zitachoka upesi, nazo zimetulia. Tuonane baada ya miezi sita, akasema, anacheka kama ananipa zawadi. Miezi sita! Mpawenimana, mkulima wa Murungu, mkojo wake mbaya, yeye hupigiwa simu kila asubuhi. Kaamkaje? Miguu imevimba? Mimi tangu mke wangu Mwajabu afariki, anayenitafuta ni kampuni ya simu tu, kunitangazia bando.

Jumatano, 16 Julai.
Redio imesema yai ni protini. Basi! Nikamwambia sista nina wasiwasi, nipimwe tena. Akanipa kopo. Chooni nikatia ute wa yai, kijiko kimoja. Mkono ukateleza, ukaingia wote. Nikatikisa. Povu kama la sabuni! Nikakabidhi kwa uso wa huzuni.

Alhamisi, 17 Julai.
Simu imeita saa moja asubuhi. Sista Recho! Nimekula nini jana? Nikamweleza hadi chumvi ya maharage. Dakika kumi na moja. Nimefungua duka langu la vitenge naimba.

Ijumaa, 18 Julai.
Mambo yamezidi. Sista kampigia binti yangu Yasmini, Tanga. Yasmini akanipigia analia. Atapanda basi, atanipa figo yake moja. Nilitaka kumwambia ni yai. Nikamuuliza atafika lini.

Jumatatu, 21 Julai.
Aibu! Felician wa maabara kaniita, kanionyesha kipande cha ganda la yai kwenye karatasi. Akauliza kama mimi ni kuku. Siku mbili alihangaika na kopo langu, kopo la Mpawenimana likasubiri. Majibu yake yametoka leo: figo zimeshuka sana, apelekwe Mwanza haraka. Nilimkuta kwenye benchi. Nikamwambia yote. Hakunifokea.
"Mzee Nurudini, hizo simu chukua wewe. Mimi nipe figo."
Nikamshika mkono mpaka gari likaja.

Jumanne, 22 Julai.
Sista alimwambia Yasmini ukweli akiwa njiani. Kashukia Dodoma, kageuza. Nilishapika wali wa watu wawili. Ujumbe wake: "Baba, ungesema tu umenikumbuka. Ningekuja." Nimelia kidogo, nyuma ya majora ya vitenge. Nimeapa: udanganyifu basi.

Alhamisi, 24 Julai.
Mpawenimana kafika Mwanza, kaanza kusafishwa damu. Alhamdulillahi.
Nasikia Kasulu wanatafuta watu wenye kikohozi sugu, utafiti mpya. Mgonjwa anatembelewa nyumbani. Nyumbani! Nimeshaulizia chumba cha kupanga huko. Yasmini sijamjibu bado, nina shughuli. Tangu asubuhi nakohoa, kidogokidogo, nizoee.