Jasusi wa Udi

Ijumaa, 12 Septemba

Sijapata kumwambia mtu: wenzangu wa darasa wakizurura madukani, mimi hujifungia kutazama filamu za zamani za majasusi wa Kifaransa. Za kuchekesha. Jasusi wao hajui kitu. Anaingia chumba kisicho chake, anamkamata mpishi, anaomba radhi kwa adabu, na koti lake halikunjiki. Mimi nikikosea jibu darasani, nasononeka wiki nzima. Ndiyo maana nampenda.

Leo kaja mgeni, Bi Kulusumu, anauza udi. Udi kidogo, maswali tele. Sambusa hizi kapika nani? Dada Ibtihal huamka saa ngapi? Akaenda jikoni kunywa maji, akafunua masufuria. Mama anauza sambusa kwenye maofisi ya Jebel Ali, na dada yangu Ibtihal ndiye mpishi. Bi Masuda wa ghorofa ya tatu naye anauza. Nimeelewa. Bi Masuda kamtuma atunyang'anye mpishi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimevaa koti la baba la baridi, nikamfuata Bi Kulusumu hadi kituo cha metro. Joto la kuivisha mkate. Mlinzi akaniuliza kama naumwa. Treni ikaniacha. Jasusi wangu naye huachwa na treni, na bado hushinda.

Jumatatu, 15 Septemba

Kaja tena. Nikatumia mbinu ya filamu: mlishe adui uongo. Nikamnong'oneza kwamba Ibtihal hanawi mikono, huamka adhuhuri, na akikasirika hurusha mwiko. Bi Kulusumu akasema, "Alaa! Kumbe ndivyo, mwanangu?" Chai hakuimaliza. Ushindi.

Jumatano, 17 Septemba

Kumbe Bi Kulusumu ni mpelelezi kweli. Katumwa na mama wa kijana aitwaye Hazim; kijana huyo anataka kumposa Ibtihal. Ibtihal anamtaka. Nyumba nzima ilijua ila mimi, maana posa haisemwi mpaka itimie. Sasa kwa kina Hazim hawapokei simu. Ibtihal hali chakula. Mama kasema, "Kawthar, sina la kukwambia," kisha akaniambia mpaka magharibi.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama kanipeleka kwa kina Hazim kuomba radhi. Nilisema yote: Bi Masuda, filamu, uongo. Mama yake Hazim akauliza, na mwiko? Nikasema huo ni kweli, ila hunirushia mimi tu. Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Posa inaendelea, alhamdulillahi. Nikaapa kuacha upelelezi.

Simu ya Hazim ikalia. Akaitazama, akatoka nayo roshanini, akafunga mlango. Alikuwa ananong'ona.

Nikaweka chini gilasi ya sharubati. Nikaomba ruhusa ya kwenda kunawa mikono. Nikatoa koti la baba mkobani, nikalivaa, nikajibana nyuma ya pazia.