Kanuni Mpya za Kufa Pangoni

Mheshimiwa shemeji yangu fundi cherehani, mwenye chumba hiki na viti tulivyokalia. Mheshimiwa kinyozi, mlinzi mkuu wa mfuko wa dadu. Mheshimiwa binamu yangu, mchawi wa daraja la tatu mchezoni. Wadau wote wa mchezo wetu wa mezani, ambamo kila mmoja humwigiza shujaa wake kwa dadu, mashujaa wa mapangoni, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Binamu: "Kaka, tuko watatu tu.")

Mimi, Mwenyekiti, Msimulizi na Mtunza Kanuni, najivunia kutangaza kwamba mchakato wa mageuzi ya kanuni, uliotanguliwa na upembuzi yakinifu na kuzingatia fremuwaki ya mtindo wa kale, ule ambao shujaa akiteleza tu kwisha habari yake, umefikia asilimia tisini na nane. (Fundi anakata uzi kwa meno.)

Nafahamu yapo manung'uniko. Nafahamu kwamba Jumamosi iliyopita mbilikimo wa shemeji, aliyemcheza miaka minne na kumshonea hadi bendera, alitumbukia shimoni, akaishiwa pointi za uhai, nami kwa moyo mzito nikamtangaza marehemu. Hajanisemesha tangu siku hiyo. (Fundi: "Na leo sisemi. Nasubiri kanuni uliyoniahidi.")

Ahsante kwa mchango huo. Kanuni mpya, niliyoihangaikia bila posho, inaelekeza kwamba shujaa aliyefika sifuri hafi papo hapo, bali anarusha dadu moja, apone au aende zake, na takwimu zinaonyesha vifo vitapungua kwa asilimia sitini, arobaini kati ya hizo zikiwa makadirio. (Kinyozi anapiga makofi peke yake, anaacha.) (Fundi: "Imeandikwa wapi?")

Swali zuri, shemeji. Limepokelewa na litafanyiwa kazi. (Fundi anachukua funguo: "Basi nafunga. Mkatafute chumba kingine.")

Tusifike huko. Shujaa kwanza! Dadu kwa wote! Kwa namna ya pekee naishukuru kamati ambayo sijaiteua, mpiga chapa ambaye sijamwona, na kitabu kipya chenyewe, ambacho, Mungu ananiona, sijaandika hata mstari. Nisamehe, shemeji. Dadu hii hapa, mrushie mbilikimo wako.

(Fundi anarusha. Moja. Hakuna anayemtazama mwenzake.)

Moja. Naam. Na kanuni mpya, kama mtakavyoisoma nikishaiandika, inasema wazi kwamba moja ndiyo inayoponya.