Rundo la Serikali na Rundo la Wananchi

6 Aprili, Jumatatu
Mafuriko yamepungua, misaada imeingia. Mkuu wa ofisi kaniita, mimi karani wake. Kasema Ijumaa mgeni mkubwa anakuja ukumbi wa shule, na rundo la misaada ya serikali lisizidiwe na la wananchi. Nikifaulu, napewa usimamizi wa ghala. Nikishindwa, narudi mlangoni kupokea barua. Usimamizi wa ghala! Kiti hakikaliki.

7 Aprili, Jumanne
Balaa! Nimepima kwa kamba. La wananchi linanifika kidevuni. La serikali, gotini. Fundi cherehani wa mtaani, msimamizi wa rundo la wananchi, kaniuliza kama serikali bado inashusha au ndiyo imemaliza. Nikajibu haba na haba hujaza kibaba. Kacheka mpaka kakaa chini.

Mama mkwe, ambaye maji yamemtoa kwake na sasa analala sakafuni darasa la tatu, kaniomba blanketi. Nimemwambia kwa heshima zote asubiri Ijumaa, rundo halipunguzwi. Kageuka, karudi darasani. Mke wangu kamjibia, mchana kutwa.

8 Aprili, Jumatano
Akili ni mali! Madawati ishirini katikati, mablanketi juu na pembeni. Rundo langu sasa lanipita kichwa. Habari zikaenea kwamba serikali imewapiku wananchi. Wananchi wakakasirika, wakaleta magodoro, sufuria, nguo za watoto. Muuza mkaa, ambaye naye nyumba yake ilizama, kaleta blanketi lake la pekee. Nimeona haya. Kisha nikapima: wametuzidi shubiri mbili. Madawati zaidi!

9 Aprili, Alhamisi
Fundi cherehani kagawa rundo lao lote, na bado wengi wamekosa! Kasema watu hawajifuniki hotuba. Nimejifungia stoo nikacheka peke yangu. Adui kajimaliza! Kwao sakafu tupu, kwangu mlima.

10 Aprili, Ijumaa
Mgeni kautazama mlima. Kauliza kwa nini wananchi wameshagawa na serikali bado imekumbatia. Swali hilo sikulitarajia. Kaamuru tugawe papo hapo, kaanza yeye kwa mkono wake. Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Blanketi la thelathini lilipotoka, likatokea dawati. Kisha madawati. Muuza mkaa, mtu wa thelathini na moja, kabaki na mikono mitupu. Fundi cherehani kaishukuru serikali kwa samani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Kampa muuza mkaa blanketi alilopewa yeye, kanipita bila salamu. Nilitamani sakafu inimeze.

11 Aprili, Jumamosi
Niko mlangoni, napokea barua. Nimewaza mpaka kichwa kimeniuma, na kosa langu nimeliona: madawati yana pembe. Magunia ya pumba hayana, na yanafanana na ya unga. Wingu zito linajikusanya huko milimani. Mwenye mashine ya kukoboa nimeshamwambia aniwekee hamsini.