Misingi ya Udongo, Toleo Langu

Jumatatu, 4 Machi
Wanafunzi themanini, na maktaba ina nakala mbili tu za kitabu cha udongo. Moja haina mgongo. Nimeazima yenye mgongo, nikampelekea fundi wa fotokopi nyuma ya bweni, nikamwambia atoe yote. Akauliza kama nina ruhusa. Nikamjibu kuwa mimi ni mhadhiri. Akaguna. Jalada nimelibuni mwenyewe, jina langu chini kwa herufi nono. Maneno "Kimekusanywa na" hayakuenea. Limependeza kweli!

Jumanne, 5 Machi
Jirani yangu ofisini, tunayemwita Kamusi kwa kuwa husahihisha hata salamu, amekiona. Akauliza nimekiandika lini, maana juzi tu kumwandikia mkuu wa idara barua kulinitoa jasho. Wivu! Akanikumbusha kuwa kanuni za chuo zinaruhusu kunakili sura moja kwa ajili ya darasa, si kitabu kizima. Nikamwambia nami nimenakili sura moja. Mara kumi na mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutubi, msimamizi wa hakimiliki hapa chuoni, ameniita. Nilikwenda na hotuba kali kuhusu elimu kwa wote. Sikuitoa. Kwenye kiti cha wageni alikaa mwalimu wangu wa zamani, aliyenifundisha udongo kabla hajastaafu. Kitabu ni chake. Alikuja kuazima riwaya, akamkuta binti wa darasani kwangu anasoma maneno yake chini ya jina langu.

Hakupaza sauti. Alifungua sura ya nne. "Hii umeielewa, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, mwalimu.

"Basi nieleze. Niliiandika mara tisa, mume wangu yu mahututi. Nikimaliza ukurasa, namsomea. Ungeniomba, ningekuruhusu siku hiyohiyo."

Sura ya nne sikuwahi kuisoma. Niliinakili tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekusanya nakala zote. Darasani nimesema ukweli, au sehemu kubwa ya ukweli. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mtihani nao ni wa mwalimu yule. Nimejifanya sikusikia.

Mkutubi ametoa uamuzi: nakala zichanwe, na nimwandikie mwalimu barua ya kuomba radhi. Kwa maneno yangu mwenyewe! Amerudia mara mbili, kidole juu.

Mchana nimeisoma sura ya nne. Inaeleza jinsi udongo unavyotunza alama ya kila mvua iliyoupitia. Nilisahau chai mpaka ikapoa. Roho imeniuma, si utani.

Jumatatu, 11 Machi
Barua imenishinda. Kila nikiandika, inatoka kama ombi la likizo. Saa tano Kamusi akaenda kufundisha, akaacha kabati wazi. Kumbe naye mwaka juzi aliitwa na mkutubi, kwa picha za mtu alizotumia bila kuomba! Barua yake ya radhi imo kwenye faili, kurasa mbili. Ina majuto mpaka machozi yakanilengalenga. Nimeinakili neno kwa neno. Palipoandikwa "picha" nimeweka "kitabu".

Jumatano, 13 Machi
Mwalimu amepiga simu. Amesema hajapata kusoma maneno yaliyotoka moyoni namna ile. Amenisamehe, na sura ya nne niitumie darasani, kwa jina lake. Sauti yake ilitetemeka kidogo.

Nikamwambia yalinijia yenyewe tu, mwalimu.

Huenda nina kipaji cha kuandika.