Kiti cha Assumani Hakikukaa Wazi

Rumonge, 13 Mei 1912

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti letu,

Amani ikufikie huko pwani, wewe na mashine yako ya kuchapa. Kwa miaka sita mwandishi wenu wa Rumonge amewaletea habari za mwambao huu: mvua, chui, harusi, na ule mwaka ambao ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, hawakuonekana. Hajawahi kuomba kitu. Leo anaomba nafasi ya lalamiko, kwa kuwa barua aliyompelekea Bwana Mkubwa wa boma imerudi na mhuri tu, bila neno.

Ili gazeti lisilaumiwe kwa upendeleo, nataja mapema kwamba mwanafunzi anayehusika, Assumani bin Shafii, ni shemeji wa mwandishi wenu. Hilo halibadilishi tarehe wala hesabu.

Mambo yako hivi. Shule ya serikali iliyo hapa humpa mwanafunzi msaada wa namna tatu: posho ya muhogo, maharagwe na chumvi kila Ijumaa, kanzu moja kila mwaka, na cheti. Posho huliwa na kanzu huchakaa. Cheti ndicho kitu chenyewe, maana nyumba yenye cheti haiitwi kubeba mizigo ya boma kwenda milimani. Nyumba ya marehemu Shafii ina wanaume wawili, Assumani na mdogo wake Aruna, na cheti kimoja kinachowalinda wote wawili. Mwisho wa mwezi huu kitachukuliwa. Mnyapara wa wapagazi amekwisha kupita kuyaangalia mabega ya Aruna. Aliyasifu.

Kanuni za msaada zimebandikwa mlangoni mwa shule. Mwanafunzi ahudhurie siku mbili katika kila siku tatu. Kila miezi sita apande benchi moja, kutoka lile la kwanza karibu na mlango mpaka la nne mbele ya meza ya mwalimu. Amalize katika miaka mitatu. Anayeweza kuandika barua nzima bila kosa amekwisha kumaliza: atarudisha cheti na kuingia ukarani bomani, na nyumba ya karani nayo haibebi mzigo. Asiyeendelea atanyang'anywa msaada, isipokuwa awe na sababu isiyozuilika, nayo aieleze kwa maandishi.

Sababu tunayo. Kuanzia Magara mpaka Gatete, mtu akiingia katika mtumbwi wa uvuvi haandikishwi yeye, kinaandikishwa kiti chake. Akiugua, akifiwa, akienda kuoa, ndugu yake hukaa pale pale, hupiga kasia lile lile, na fungu la samaki hutolewa kwa kiti. Hakuna nahodha anayemwuliza mtu, "Wewe ni nani?" Huuliza, "Kiti kimejaa?" Nyumba ya Shafii ilipopewa nafasi moja shuleni, iliielewa hivyo hivyo. Sioni nani angeielewa vingine.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Mahudhurio. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huu shule ilifunguliwa siku sabini na mbili. Kiti cha Assumani kilikaliwa na Assumani siku kumi na tatu, na Aruna siku kumi na saba, na dada yao Mwanvua, katika kanzu na kofia ya kaka yake, siku arobaini. Kilikaa wazi siku mbili tu: ya Maulidi, na ile ambayo upepo uliezua paa, ambapo hata mwalimu hakuja. Sababu ya zile arobaini inajulikana na kila mtoto wa huku. Mwezi unapokuwa gizani wanaume huvua ndagala usiku kucha kwa moto na hulala mchana. Bila dada yao, kiti kingekuwa tupu nusu ya kila mwezi. Siku sabini katika sabini na mbili! Boma limehesabu kumi na tatu.

2. Mwalimu. Mwalimu Asmani, mtu wa Pangani, hakudanganywa hata siku moja, na hilo lieleweke. Asubuhi ya kwanza Aruna alipoitikia jina la kaka yake, mwalimu alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Assumani?" Aruna akajibu, "Leo iko mimi, mwalimu. Kesho sijui." Mwalimu akasema, "Keti. Nimeagizwa nijaze mabenchi." Siku Mwanvua alipokuja na hina vidoleni, alisema tu, "Assumani, harusi ilikuwa ya nani?" kisha akaendelea na somo. Ikiwa anayefundisha kiti aliridhika na kiti, asiyekifundisha analalamikia nini?

3. Urefu. Mwezi wa Januari Bwana Msimamizi kutoka bomani aliwapima wanafunzi ili washonewe kanzu. Fundi akapoteza karatasi. Tarehe 15 Aprili Bwana Msimamizi akapima tena, karatasi ya kwanza ikaonekana, naye akakuta Assumani amepungua vidole vinne. Hakuuliza. Aliandika katika daftari lake: "Haendelei. Anarudi nyuma." Kanzu ikakatwa kwa kipimo cha Aprili. Assumani akiivaa inamfikia magotini, na watu wa Minago waliokuja kuuza mawese walimwuliza kama anaelekea kulima mpunga. Naomba ijulikane kwamba kufupika si kosa la masomo. Hakumo katika kanuni.

4. Mtihani. Ulifanywa kesho yake, tarehe 16 Aprili, mwezi ukiwa gizani kabisa. Ofisi inayoweza kukadiria mzigo wa mpagazi kwa jicho ilishindwa kutazama juu. Zaidi ya hayo, Bwana Msimamizi alimtaka "Assumani mwenyewe." Assumani mwenyewe aliamshwa kutoka juu ya nyavu, akaletwa, akawekwa benchi la tatu, ambako kiti chake kilikuwa kimefika kwa haki. Akapewa kibao chenye sentensi na kuambiwa asome. Alikitazama kwa muda wa kutosha, akasema, "Bwana, huku mimi sijafika. Niliishia kwenye ile herufi yenye mkia. Waliofika huku ni wengine." Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo jibu pekee la kweli lililotolewa siku hiyo. Kisha akalala juu ya kibao. Alipoamshwa, herufi nne za chaki zilikuwa zimehamia shavuni mwake. Hizo ndizo alizotoka nazo.

5. Hesabu ya elimu. Boma linajua kujumlisha. Mizigo arobaini ya wapagazi arobaini huandikwa kuwa msafara mmoja. Lakini vichwa vitatu vya kiti kimoja havijumlishwi. Assumani anajua herufi mpaka ile yenye mkia. Aruna anajua hesabu mpaka kugawanya, maana ndiye mgawaji wa samaki na amekwisha kupigwa mara mbili kwa kukosea. Anachojua Mwanvua hakikuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Hata hivyo, katika miezi kumi na mitano kiti kimepanda kutoka benchi la kwanza mpaka la tatu, sawasawa na kanuni. Kuna viti vya wana wa wakubwa ambavyo havijaondoka mlangoni. Sivitaji.

6. Kipindi cha kujaribiwa. Boma, kwa huruma yake, limetoa mwezi mmoja. Hadi mwisho wa Mei Assumani lazima akae mwenyewe, kila siku, na siku ya mwisho aandike barua ya mistari kumi. Anakaa. Analala macho wazi, ufundi alioupata mtumbwini. Aruna akimpitia jioni humwuliza, "Kaka, leo umepata ngapi?" naye hujibu, "Nyavu tupu." Wakati huo huo kasia lake halina mtu, na ndugu mwingine imembidi aache kazi yake ili alishike. Boma limesimamisha kiti kimoja, na viti viwili vingine vimeyumba. Kwa yatakayofuata tusilaumiwe sisi.

7. Mfano wa wakubwa. Hili nalisema kwa heshima. Tangu mwandishi wenu aanze kazi, kiti cha Bwana Mkubwa kimekaliwa na mabwana wanne. Kila mmoja alianza upya kujifunza jina la mto wetu. Wa pili alilifikisha nusu, akahamishwa. Wa tatu alilala na homa siku nyingi kuliko alizokaa kitini. Wa nne ameanza tena na herufi ya kwanza. Posho ya kiti hicho haijakatwa hata siku moja, wala hakuna aliyempima bwana anayeingia kwa urefu wa bwana anayetoka. Sisi hatukulalamika. Tulidhani serikali imejifunza desturi hiyo kwetu, tukafurahi.

Kwa hiyo tunaomba. Kwanza, msaada uhesabiwe kwa kiti, na cheti kiandikwe kwa jina la kiti. Pili, mtihani ufanywe mwezi mpevu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kiti kiongezewe miaka miwili, kwa sababu hakijamaliza na hakikaribii kumaliza. Mwandishi wenu amezoea kuthibitisha kabla ya kuandika, na hili limethibitishwa mlango kwa mlango: katika nyumba ya Shafii hakuna hata mtu mmoja awezaye kuandika barua. Kuwanyang'anya cheti watu ambao bado hawajui ni kama kumshusha mtu mtumbwini katikati ya ziwa kwa kosa la kutofika ng'ambo.

Salamu zako, Bwana Mhariri, na salamu za wapanga herufi, ambao tunajua hupata lawama zisizo zao. Msalimu pia yule msomaji aliyeuliza kama chui wa Gatete aliuawa. Hakuuawa, alihama. Watu wa Magara na Minago wanakusalimu. Mwalimu Asmani anakusalimu na kusema usimtaje, nami nimekwisha kumtaja. Bwana Mkubwa naye, wa nne au atakayekuwapo barua ikifika, apewe heshima zetu.

Ndimi niliyeandika kilichoonekana tu,

Mwandishi wa Rumonge

Nyongeza. Ukiona mwandiko huu umeinama upande mwingine kuliko ule wa barua zilizotangulia, usishtuke. Mwandishi wenu Hadji yuko ziwani tangu juzi. Ni giza, Assumani amefungwa shuleni, na kasia lake halikuwa na mtu. Kiti cha uandishi nacho hakikupaswa kukaa wazi. Hadji aliniachia karatasi, wino na maneno haya: "Mama Batuli, andika unavyoona, ila usizidishe." Miaka sita niliyoitaja ni ya kiti. Niliposema nyumba ya Shafii haina awezaye kuandika barua, nilisema kweli: mimi niliolewa, naishi kwa Hadji.

Nilimpelekea Mwalimu Asmani aikague. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa, na mara ya pili aliisoma kama mtu anayeliombea. Hakulipata. Akavua miwani akasema, "Assumani, umetumaliza. Kanuni iko mlangoni. Kiti kimehitimu leo, na cheti kinarudi." Nilifikiri kuirarua. Ni barua ya kwanza niliyoiandika tangu mwanzo mpaka mwisho, na mkono haukutaka.

Basi yafute maombi yote matatu, Bwana Mhariri, lakini barua uichape, na chini yake uandike Mwanvua binti Shafii, sawasawa hivyo. Aruna aache kupaka mabega mafuta ya mawese, nimekwisha kumwambia. Aliyemaliza huingia ukarani, na nyumba ya karani haibebi. Kwa kuwa ndugu zangu hawana karani mwingine, nitaandikishwa katika nyumba yao. Boma linamngoja Assumani bin Shafii siku ya Jumatatu, naye atafika na kalamu yake. Wasihangaike kumpima. Ile kanzu ya Aprili inanitosha.