Kuomba Kibali cha Kunywa Kibuyu Kimoja na Eliezeri

Machame,
Julai 1993

Ndugu Bwana Afya,

Umri wako hauniruhusu kukuamkia, lakini cheo chako nakiheshimu. Tangu ulipokuja ofisi ya kijiji kutufundisha namna ya kujikinga na mafua, nimetii kila neno. Nanawa kwa sabuni mpaka ng'ombe wangu anagoma kukamuliwa, hanitambui kwa harufu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mwenye mafua asishikane mikono na watu. Mkwe wangu Martin sasa ananipungia kutoka ng'ambo ya mfereji kama mtu anayefukuza ndege kwenye ulezi. Mafua yake yaliisha tangu Pasaka.

2. Ulisema tukohoe ndani ya leso. Bwana Afya, mzee wa huku hapigi hodi kwake mwenyewe. Hukohoa akiwa bado migombani, ili waliomo ndani wabadilishe mazungumzo. Sasa nafika kimya. Kwa majuma haya machache nimesikia mengi kunihusu kutoka kwa mke wangu na dada zake, na sina pa kuyapeleka.

3. Hili ndilo kubwa. Ng'ombe wangu alikula migomba michanga ya Eliezeri, ndugu yangu wa tumbo moja. Badala ya kuomba radhi nikasema hata ng'ombe hakuifurahia. Tukanuniana msimu mzima wa kahawa. Wazee wakaamua tunywe mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja, yeye aanze, mimi nifuate, yaishe. Siku ilipofika, binti yake Beatrice, aliyekusikiliza vizuri kuliko sisi wote, akaja na vikombe viwili vya plastiki. Eliezeri akanywea chekundu, mimi nikanywea cha kijani. Wazee wakatazamana, wakamaliza mbege, wakaenda zao. Sasa nauliza, vikombe viwili vimempatanisha nani? Eliezeri ananisalimia kwa adabu, kama anavyomsalimia karani wa ushirika, na kwangu hakanyagi. Linaniuma, sikufichi.

4. Babu zetu walinywa kibuyu kimoja na hakuna aliyekufa kwa mafua. Walikufa kwa sababu nyingine, ambazo ukoo unazijua.

Kwa hiyo naomba kibali chenye mhuri, kwamba ndugu waliogombana wasihesabiwe kwenye mambo ya mafua. Ikishindikana, hivyo vijidudu viambiwe visubiri mpaka mbege iishe. Mimi sijawahi kuviona. Eliezeri namwona kila asubuhi.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, na wote mnaonawa pamoja hapo ofisini.

Ni mimi, mwenye mikono safi na moyo mzito,

Ndelilio Nkya

Nyongeza: Kabla sijapata wa kuipeleka barua hii nilishikwa na mafua, nikalala kitandani. Leso sikuitafuta, nikakohoa kizamani. Eliezeri akanisikia kutoka kwake, akavuka na sufuria ya mtori wa ndizi. Alinilisha mwenyewe, kila mara akionja kwanza kwa kijiko hicho hicho asije akaniunguza. Leo namsikia anakohoa ng'ambo ya ua wa masale unaotenganisha vihamba vyetu. Yale ni mafua yangu kabisa, nayatambua. Kumbe ulisema kweli, yanaambukiza. Kibali usihangaike nacho, na mafundisho yako endelea kuwapa wengine. Mtori umeshaiva, nampelekea sasa hivi. Kijiko ni kile kile.